Takwimu Irudi kwa Aliyeiandika: Mwongozo Kamili wa Kutumia Data na Mifumo Kuboresha Huduma za Halmashauri

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati nyingi za Tanzania, kuna muuguzi anayebaki kazini baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka. Mbele yake kuna vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), vile vikubwa vyenye mistari myembamba, na rula ya kushikia mstari asije akauruka kwenye taa hafifu. Anahesabu tano tano, anajumlisha kwa kikokotoo cha simu, anajaza fomu ya mwezi, na fomu inasafiri kwenda wilayani. Huko inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa takwimu za afya; mkoa unaiona, wizara inaiona. Yeye mwezi unaofuata anaanza kuhesabu upya, hajaambiwa ripoti yake ilisema nini.

Nimekaa kwenye ofisi ya mipango na takwimu ya halmashauri muda wa kutosha kuona mifumo ikija na kupita, na mwongozo huu nauandika nikimfikiria muuguzi huyo. Takwimu zetu zinajua njia ya kupanda. Huduma huanza kubadilika siku takwimu inaposhuka tena hadi kwa aliyeiandika, ikiwa na jibu lake: tumeona, tumeleta, au tumeshindwa kwa sababu hii.

Nitashika mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao ni upatikanaji wa dawa kwenye zahanati na vituo vya afya. Hatua hizi zinafaa pia kwa uzoaji taka, madawati ya shule, leseni za biashara au hati za viwanja. Wenzetu wa kaunti za Kenya watabadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja na uiulize swali moja

Usianze na "kuboresha utendaji wa halmashauri". Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akaenda kufanya hilo. Anza na swali ambalo mama aliyembeba mtoto mwenye homa angeliuliza: dawa ipo au haipo?

Kisha punguza tena. Usifuatilie dawa zote, chagua tano ambazo zikikosekana mtu anaweza kufa au kurudi nyumbani bila msaada. Sisi tulichagua dawa mseto ya malaria, kipimo cha haraka cha malaria, amoksilini ya watoto, ORS pamoja na zinki kwa ajili ya kuhara, na oksitosini ya kuzuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Hii ya mwisho ina jambo lake: inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiifuatilia oksitosini, bila kupanga utajikuta unafuatilia na majokofu.

Hatua ya 2: Tafuta data ambayo tayari unayo

Kosa linalorudiwa zaidi ni kutunga fomu mpya. Mtumishi wa zahanati tayari ana vitabu vya MTUHA, leja ya dawa, fomu ya ripoti na maombi ya dawa, na pengine GoTHOMIS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa na malipo, kwenye kompyuta. Ukimwongezea fomu nyingine atazijaza zote haraka haraka, na utapoteza hata zile zilizokuwa nzuri.

Kaa siku moja na Mfamasia wa Wilaya, Mratibu wa MTUHA na Afisa TEHAMA, mchore kwenye karatasi kila taarifa inazaliwa wapi na inaishia wapi. Idadi ya wagonjwa iko DHIS2, ambayo Kenya waliieneza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania Bara ikakamilisha mwishoni mwa 2013. Akiba na maombi ya dawa viko kwenye mfumo wa kielektroniki wa ugavi wa dawa. Fedha za kituo, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, zinaonekana FFARS, mfumo wa uhasibu na taarifa za fedha za vituo. Mpango na bajeti viko PlanRep. Mara nyingi mtagundua kuwa hampungukiwi data. Kila mwenye nywila anaangalia mfumo wake peke yake, na hakuna aliyewahi kuzilaza hizo namba pamoja mezani.

Hatua ya 3: Eleza kipimo mpaka kisiwe na njia mbili za kukisoma

Hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo kazi nyingi huharibikia.

"Asilimia ya vituo vyenye dawa" inasikika vizuri, lakini ina udhaifu. Kama inapimwa siku ya mwisho ya mwezi, kituo kilichokosa dawa siku 25 kikaletewa tarehe 29 kitahesabiwa kuwa salama. Kipimo bora ni siku za kukosa dawa. Chukua idadi ya vituo, zidisha kwa dawa unazofuatilia, zidisha kwa siku za mwezi. Tuseme una vituo 40, dawa 5, siku 30: jumla ni 6,000. Kama leja zinaonyesha dawa ilisoma sifuri kwa jumla ya siku 480, basi ulikosa kwa asilimia 8.

Asilimia 8 kwa wilaya nzima haimshtui mtu. Sasa igawe kwa kituo. Tuseme siku 300 kati ya hizo 480 zimetoka kwenye vituo vinne tu. Vituo vinne kwa dawa tano kwa siku 30 ni 600, kwa hiyo watu wa vijiji hivyo wanakosa dawa nusu ya muda wao. Vituo 36 vilivyobaki viko kwenye asilimia 3 na kitu. Wastani ulikuwa umewafunika wale wanne, na vituo vya namna hiyo mara nyingi viko mwisho wa barabara, ng'ambo ya mto au juu mlimani. Kwa hiyo msikubali wastani wa wilaya ukae peke yake kwenye ukurasa wowote.

Jambo la pili ni sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake nimehesabu, hakuna. Nafasi tupu maana yake sijahesabu, au kitabu kimeisha, au nimesahau. Excel ukijumlisha itavichukua kama kitu kimoja, na kituo ambacho hakikuripoti kabisa kitaonekana kama hakikukosa dawa hata siku moja. Kubalianeni mapema: asiyehesabu anaandika alama ya mstari, aliyehesabu akakuta hakuna anaandika 0, na kwenye jedwali lenu ripoti isiyofika ipewe rangi yake.

Mwisho, andikeni ufafanuzi wa kipimo kwenye karatasi moja: kinahesabu nini, hakihesabu nini, kinatoka kitabu gani, nani anakiingiza, lini. Dawa iliyopo lakini imeisha muda wake inahesabiwa kuwa haipo. Dawa ya kuazima kutoka kituo jirani inahesabiwa kuwa ipo. Mambo madogo kama haya msipoyaandika, kila mwezi yatawalia nusu saa ya kikao.

Hatua ya 4: Nenda ukahesabu kwa mkono

Kabla hujamwonyesha Mkurugenzi grafu yoyote, panda pikipiki. Chagua vituo vitano, viwili vya karibu na vitatu vya mbali, na mwezi mmoja uliopita. Hesabu mwenyewe kwenye kitabu, linganisha na fomu ya mwezi, kisha na kilichomo kwenye mfumo. Gawanya namba ya mfumo kwa namba ya kitabu, zidisha kwa 100. Ikiwa kati ya 90 na 110, endelea. Nje ya hapo, tafuta sababu kabla ya kusonga mbele.

Zahanati moja niliyokwenda, kitabu kilisema wagonjwa 118 na mfumo ukasema 181. Tulikaa na muuguzi kwenye benchi tukarudia kuhesabu mara mbili, akiwa na hofu machoni, maana alidhani nimekuja kumkamata. Ilikuwa tarakimu mbili zilizopishana wakati wa kuingiza wilayani. Kosa lilikuwa la ofisi yangu. Nilimwomba radhi pale pale, na naamini radhi ile ilisaidia ubora wa data za kituo kile kuliko semina yoyote niliyowahi kuiandalia posho.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Linganisha idadi ya wagonjwa waliokutwa na malaria na dozi za dawa mseto zilizotoka stoo. Wagonjwa wakiwa 60 na dozi 140, uliza. Usianze kwa kumshuku mtu wizi. Huenda kituo jirani kiliazima na hakuna aliyeandika, au kurasa za kitabu zimechanika, au watu wanapewa dawa bila kupimwa kwa sababu vipimo viliisha. Kila jibu lina dawa yake.

Hatua ya 5: Programu

Nimeiweka hatua ya tano makusudi. Watu wengi huanzia hapa.

Kwa miezi mitatu ya kwanza tumia Excel. Mstari mmoja kwa kila kituo, safu moja kwa kila dawa, karatasi moja kwa kila mwezi. Ukishajua ni maswali gani kikao chenu huuliza kweli, hamia kwenye DHIS2, ambayo ina sehemu ya kutengeneza majedwali, grafu, ramani na dashibodi bila kumlipa mtu, kwani ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake. Kama mnahitaji kukusanya kitu ambacho hakimo kwenye mfumo wowote, mfano hali ya majokofu, ODK na KoboToolbox zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android, na fomu inajazwa bila mtandao ikasubiri hadi mtumishi afike penye minara. Ramani mnaweza kuzitengeneza bure kwa programu ya QGIS.

Mtu akija na mfumo wa kuuza, mwulizeni mambo manne. Je, tunaweza kutoa data zetu zote nje ya mfumo siku tukiachana? Unasomana na DHIS2 na FFARS, au tutaingiza kitu kile kile mara mbili? Mtandao ukikatika siku tatu, nini kinatokea? Nani atalipia mwaka wa tatu, mradi ukiisha? Na kabla ya kusaini, pelekeni wazo Mamlaka ya Serikali Mtandao, maana Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeweka utaratibu wa mifumo ya taasisi za umma, na huenda halmashauri nyingine tayari inao mfumo mnaotaka kuulipia.

Hatua ya 6: Ukurasa mmoja

Kikao kisomewe ukurasa mmoja wa A4 unaoweza kuchapishwa kwa wino mweusi. Vituo vipangwe kwa ukubwa wa tatizo, chenye hali mbaya juu kabisa. Ukivipanga kwa alfabeti, macho yatazunguka kwenye herufi na kikao kitaisha kabla ya kufika kwenye Z. Kila kituo kiwe na namba za miezi mitatu mfululizo, ili ionekane kinapanda au kinashuka. Safu ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote, iandikwe: *tuliahidi nini kikao kilichopita, na nani aliahidi*.

Hatua ya 7: Kikao kinachorudi kwenye namba ile ile

Mwaka 2000 Meya Martin O'Malley wa Baltimore, Marekani, alianzisha utaratibu ulioitwa CitiStat, akiazima mtindo wa CompStat ambao polisi wa New York waliuanza mwaka 1994. Kila wiki mbili mkuu wa idara alisimama mbele ya uongozi wa jiji, namba za idara yake zikiwa ukutani: malalamiko yaliyofungwa, saa za ziada zilizolipwa, watumishi wasiofika kazini. Jiji likaahidi shimo la barabarani lililoripotiwa lizibwe ndani ya saa 48. Mwaka 2004 utaratibu huo ulipata tuzo ya ubunifu serikalini inayotolewa na Harvard. Na programu waliyotumia ilikuwa ya kawaida tu, lahajedwali na ramani, vitu ambavyo Afisa TEHAMA wa halmashauri yoyote anavijua. Nguvu ilikuwa kwenye kurudi. Mkuu wa idara alijua kwamba baada ya wiki mbili ataulizwa swali lile lile.

Kwetu panga dakika 45, kila baada ya wiki mbili, siku na saa isiyobadilika. Mwenyekiti awe Mkurugenzi, na akisafiri kaimu wake, si kuahirisha. Wawepo Mganga Mkuu wa Wilaya (DMO), Mfamasia, Mweka Hazina, Afisa Mipango, mtu wa usafirishaji, na waganga wafawidhi wawili kwa zamu. Msimwache mtu wa usafirishaji. Mara nyingi dawa ipo, gari ndilo halipo.

Fungueni kwa ahadi za kikao kilichopita, kisha vituo vitano vya juu kwenye ukurasa, na kwa kila kimoja tafuteni sababu kabla ya kutafuta mtu. Kituo kiliomba kidogo kuliko matumizi yake? Huyo anahitaji kukaa na Mfamasia wakokotoe pamoja. Kiliomba sawasawa lakini Bohari ya Dawa haikuwa nayo? Basi kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba na mkoa, kwa utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Fedha ipo kwenye akaunti lakini haijatumika? Fungueni FFARS pale pale, mara nyingi ni saini moja au mtu anayeogopa hoja ya ukaguzi. Dawa imejaa kituo cha jirani? Iazimwe, iandikwe kwenye leja zote mbili, isafiri na gari la chanjo. Kila sababu iondoke na jina na tarehe, na muhtasari utumwe siku hiyo hiyo kabla watu hawajafika nyumbani.

Sasa onyo. Namba ikigeuzwa fimbo, namba itapikwa. Huko New York, maofisa wa polisi wastaafu waliwaeleza watafiti jinsi shinikizo la kushusha takwimu za uhalifu lilivyowafanya baadhi ya watu waandike makosa makubwa kama madogo. Zahanati inaweza kufanya vivyo hivyo: kubakiza vidonge kumi kwenye kopo ili leja isisome sifuri, na mgonjwa anaambiwa hakuna. Mganga mfawidhi aliyeripoti upungufu mapema ashukuriwe mbele ya watu. Atakayeulizwa kwa ukali ni yule aliyeahidi akanyamaza. Na namba hizi msiziingize moja kwa moja kwenye tathmini ya mtumishi mmoja mmoja ndani ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kabla hamjazipima ukweli wake kwa miezi kadhaa.

Hatua ya 8: Rudisha

Kikao kikiisha, kazi iliyobaki ni ujumbe mmoja kwa kila kituo. Wetu ulikuwa hivi:

*"Habari za kazi, Sista. Ripoti yako ya mwezi imefika kwa wakati. Dawa mseto ya watoto ilikosekana siku 11. Tumepata dozi 90 kituo cha jirani, gari la chanjo litapita kwako Alhamisi, ziandike kwenye leja. Kitabu chako na ripoti vimelingana, ahsante sana."*

Sentensi chache. Lakini soma tena uone zilivyobeba: ripoti imesomwa, tatizo limeonekana, msaada una siku, na kazi yake ya kuhesabu imetambuliwa. Miezi miwili baada ya kuanza kutuma ujumbe huu, wauguzi walianza kutupigia wao wenyewe kabla dawa haijaisha. Jina la mgonjwa lisiingie kamwe kwenye kundi la WhatsApp, wala picha ya ukurasa wa kitabu chenye majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatufunga sisi sote tunaoshika taarifa za watu, na Kenya wana ya kwao ya 2019.

Wananchi nao warudishiwe. Bandikeni namba za kituo kwenye ubao wa zahanati kwa herufi kubwa: siku za kukosa dawa mwezi huu, mwezi uliopita. Kamati ya usimamizi ya kituo izisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na diwani azipate kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, asije akazisikia kwanza kwenye Baraza akaona amefichwa. Diwani aliyeelewa ukurasa mmoja ndiye atakayewatetea wakati wa bajeti.

Hatua ya 9: Ipeleke kwenye bajeti kabla dirisha halijafungwa

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, lakini vijiji na vituo huanza kupanga miezi mingi kabla. Ikifika wakati huo uwe na namba za robo mbili mkononi, na uingize kwenye PlanRep sababu iliyojirudia: usafiri, jokofu, mtumishi wa stoo. Kwa Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, hivyo uchambuzi uwe tayari Julai. Takwimu nzuri iliyochelewa wiki moja inasubiri mwaka mzima.

Hatua ya 10: Kipimo kilichotulia kipishe kingine

Namba ikikaa vizuri miezi sita, iondoe kwenye ukurasa wa kikao, ibaki kwa Mfamasia akiiangalia kila robo mwaka. Kikao kinachosoma habari njema kila wiki mbili huanza kuhudhuriwa na wasaidizi, kisha na wasaidizi wa wasaidizi.

Kipimo kipya msikichague ofisini. Waulizeni waganga wafawidhi na wauguzi, wale wanaoandika vitabu, ni jambo gani wangependa tulihesabu kwa niaba yao. Mara ya mwisho tulipouliza nilitegemea nisikie vitanda, au nyumba za watumishi. Wakunga watatu kutoka zahanati tatu tofauti waliomba kitu kimoja: taa ya chumba cha kujifungulia, maana usiku wanamzalisha mama huku ndugu yake ameshika tochi ya simu. Kwenye mifumo yote tuliyokuwa nayo hapakuwa na safu ya taa. Tuliiongeza kesho yake asubuhi, safu ya sita, na swali lake likawa: usiku wa jana iliwaka?